Mtama wa pombe lazima uwe hai



Wiki hii tunaandika juu ya jambo lililotuumiza sisi wenyewe. Mwaka jana, mwezi wa 7, mtama ulipokuwa mwingi sokoni na bei yake iko chini, kundi letu la likelemba lilinunua magunia 2 ya kilo 100. Hesabu yetu ilikuwa rahisi. Tuuweke mpaka mwezi wa 11, tuoteshe kimea, tupike pombe ya Noeli na ya ndoa, halafu faida ilipe minervali ya watoto. Magunia tuliyaweka kwa mwenzetu mmoja, nyuma ya mlango, juu ya saruji, yameegemea ukuta. Hapa Bukavu nyumba zetu nyingi ni vyumba viwili vitatu, nani ana depo?

Mwezi wa 11 tulipofungua, tuliingiza mkono tukasikia joto. Gunia la kwanza lilikuwa limejaa vumbi la unga, na fukusi walitupanda mpaka kwenye viwiko. La pili, lile lililogusa ukuta, lilikuwa limeshikana chini kama tofali, na harufu yake ilikuwa ya nguo iliyokunjwa bado mbichi.

Tuligombana pale pale. Mama mmoja, mtu mzima anayejua pombe kuliko sisi wote, alisema: "Tusitupe franga za watu. Mtama wa ugali ndio unaochaguliwa. Huu wa pombe utachemka, moto utaua kila kitu." Wengi wetu tulikubali, na tuseme ukweli, tulikubali kwa sababu tulitaka iwe hivyo.

Tuliloweka basini moja kwanza ili tuone. Siku ya 4 punje zilizoota hazikufika nusu. Zilizobaki zilikuwa zimevimba tu, zimeota nywele za kijivu na za kijani. Lile gunia la chini-tofali tulilifukia nyuma ya nyumba. La kwanza tulilipepeta, tukaliuza kwa mfugaji wa kuku kwa bei ya kuona haya. Minervali ya mwezi wa 1 kila mmoja aliitafuta kwa njia yake, na kuna baba waliocheka, kuna ambao hawakucheka.

Tangu siku ile tumejifunza. Tunaandika tuliyojifunza kwa sababu kiangazi kinarudi, mtama utarudi sokoni, na tunajua makundi mengi ya wamama yana mpango kama ule wetu.

Moto hauui kila kitu

Tuanze na neno la yule mama yetu, kwa kuwa ndilo neno linalosemwa kila mahali. Moto unaua fukusi. Unaua ukungu wenyewe. Lakini sumu ambayo ukungu umekwisha kuiacha ndani ya punje haitoki kwa kuchemsha. Inaingia katika pombe, na inabaki katika machicha tunayowapa nguruwe na kuku. Sumu hiyo wataalamu wanaiita sumukuvu. Kidogo kidogo inaharibu ini. Ikiwa nyingi, inaua kwa siku chache.

Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao walikufa. Walikuwa wamekula mahindi ya nyumbani kwao, yaliyowekwa kabla hayajakauka vizuri. Hakuna adui aliyeingia usiku kutia sumu. Ilikuwa akiba yao wenyewe.

Na kuna habari nyingine ambayo kila mama mpika pombe anapaswa kuijua. Januari 2015, huko Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu walikusanyika kwenye msiba na wakanywa pombe ya mahindi iliyopikwa mtaani. Walikufa watu 75, na zaidi ya mia moja wengine waliugua. Mwanzoni ilisemwa kwamba mtu ametia nyongo ya mamba ndani ya pipa. Hapa kwetu tungesema moja kwa moja: karuho. Na kidole kingeelekea kwa mama aliyepika. Lakini mama yule naye alikuwa kati ya waliokufa. Uchunguzi ulipofanywa, ilionekana kwamba pombe ilitengenezwa kwa unga wa mahindi ulioharibika, ambao haukufaa tena kuliwa, na ndani yake bakteria walikuwa wametengeneza sumu kali inayoitwa asidi ya bongkreki. Sumu hiyo nayo haiogopi moto.

Tulipomsomea yule mama yetu habari hiyo alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: "Sasa mkaacha basini lile wapi?" Tulimwambia tumelifukia pia. Akasema vizuri.

Mtama wa ugali na mtama wa kimea

Tuliouza kuku wetu mtama ule tulijiuliza pia jambo la pili: kwa nini haukuota? Hata zile punje ambazo hazikuwa na ukungu, nyingi zilikuwa zimekufa.

Mtama wa ugali ukifa, ugali bado unapikika. Mtama wa kimea ni kitu kingine. Pombe inatoka kwenye sukari, na mtama mkavu hauna sukari ya kutosha, una wanga. Ni punje yenyewe inapoanza kuota ndiyo inatengeneza kile kinachogeuza wanga kuwa sukari, ili iulishe mche wake. Sisi tunaikatiza njiani, tunaikausha na kuisaga. Punje iliyokufa haitengenezi kitu. Inakaa ndani ya maji na kuoza. Kwa hiyo anayeweka mtama wa pombe anaweka mbegu, hata kama hataipeleka shambani.

Ndiyo maana tunawaomba wamama wasiokunywa, na wale ambao kanisa lao linakataza, wasigeuze ukurasa. Kimea hiki hiki, kikitiwa kijiko kidogo katika uji mzito wa mtoto, kinaulainisha na kuufanya mwepesi bila kuongeza maji, hata mtoto anayetoka ugonjwani anaweza kuumeza ukiwa bado na nguvu. Urudishe motoni uchemke tena kabla ya kumpa. Bidoni ni moja, kazi ni mbili. Tena kwa mtoto makosa ni mabaya zaidi kuliko kwa mnywaji.

Chupa na chumvi

Kosa letu la kwanza lilikuwa kununua kwa macho. Mtama ulikuwa mwekundu, mzuri, msafi. Muuzaji alisema umekauka. Tulitafuna punje moja, ikavunjika "ka!", tukalipa. Jino linasaidia, lakini jino linapenda bei nzuri.

Sasa tunakwenda sokoni na chupa. Chukua chupa ya glasi yenye kifuniko, iliyokauka kabisa. Kausha chumvi kwenye sufuria juu ya moto mdogo, kwa sababu chumvi ya kwetu mara nyingi ina unyevu wake, kisha iache ipoe. Tia mtama mpaka theluthi ya chupa, ongeza vijiko 2 au 3 vya chumvi, funga, tikisa dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Ukiona chumvi imeshika kwenye kioo cha chupa, mtama bado ni mbichi. Ukiona chumvi imeanguka chini na kioo ni safi, unaweza kuuweka. Mara ya kwanza wauzaji walituuliza kama tumekuja kufanya dawa ya kienyeji. Siku hizi kuna mmoja anayetuita yeye mwenyewe: "Mama Mwalimu, leta ile chupa yako!" Naye anajua tukimaliza kupima hatubishani tena juu ya bei.

Ikiwa ni mbichi kidogo na bei ni nzuri, unaweza kununua na kumalizia kukausha nyumbani, lakini siku hiyo hiyo, usiulaze katika gunia. Tandaza juu ya shitingi safi, tabaka jembamba lisilozidi upana wa vidole viwili, ugeuze mara nyingi, ufunike jioni kabla ya umande. Usiuanike juu ya udongo mtupu, maana ukungu unatoka huko. Mtama wa mwezi wa 7 una bahati, jua lipo. Wenye mahindi ya mwezi wa 1 na wa 2, mvua ikiwa juu ya vichwa, wana kazi zaidi. Hao tunawashauri wauze mapema kuliko kulazimisha.

Jambo moja dogo lilitupita: mtama ukitoka juani una joto. Ukiufunga hivyo, usiku unatoa jasho na maji yanatelemka ndani. Uache upoe kwenye kivuli kwanza.

Bidoni 13

Magunia tuliyaacha. Gunia linapumua, na kila kinachopumua kinaruhusu fukusi kupumua pia. Ipo mifuko ya tabaka 3, ya plastiki ndani ya gunia, iliyotengenezwa kwa ajili ya kufungia nafaka bila hewa, na ni mizuri kwa anayeipata. Sisi tulitumia kilichopo: bidoni za njano za litre 20.

Bidoni moja inashika karibu kilo 15 za mtama, kwa hiyo gunia la kilo 100 linaingia katika bidoni 7 hivi. Tulinunua zilizokuwa za mafuta ya kula, tukaziosha kwa maji ya moto na sabuni mara tatu, tukazilaza juani zikiwa wazi siku 3 mpaka harufu ikatoka. Bidoni iliyokuwa na petroli au dawa ya shamba usiiguse hata kwa bure. Kisha tulipima kila moja: unaifunga ikiwa tupu, unaikandamiza kwa magoti, unasikiliza. Ikipuliza "fiii", hiyo ni ya kuchotea maji.

Tunatia mtama kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, tunagongagonga bidoni chini ili punje zishuke, tunaongeza tena, mpaka mdomoni kabisa. Nafasi tupu juu ni hewa, na hewa ni chakula cha fukusi. Tunaweka kipande cha plastiki juu ya mdomo, tunafunga kifuniko kwa nguvu, tunazungushia nta ya mshumaa. Fukusi waliokuwa ndani (na daima wapo wachache, hata usipowaona, mayai yao yako ndani ya punje) wanapumua ile hewa kidogo iliyobaki mpaka inaisha, nao wanaisha pamoja nayo. Hakuna dawa.

Lakini tuseme kwa nguvu: bidoni haisamehi mtama mbichi. Gunia lenye mtama mbichi linaharibika polepole. Bidoni yenye mtama mbichi inageuka kuwa chachu, na mbegu yote inakufa. Chupa ya chumvi inatangulia, bidoni inafuata.

Uzuri mwingine wa bidoni ni kwamba kila moja inafunguliwa peke yake. Anayeweka katika pipa moja kubwa, kila siku anapochota anaingiza hewa kwa mtama wote. Sisi tunafungua moja, tunaitumia yote kwa kimea, nyingine zinaendelea kulala. Tumezipanga juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha kiganja, mbali na jiko, na si darini chini ya bati, kwa sababu joto la bati la mchana linaua mbegu kama unyevu unavyoiua. Panya wanatafuna plastiki. Tunaangalia kila wiki, na paka wa jirani tunamkaribisha.

Juu ya dawa

Katika mkutano wetu mmoja mama alitoa kwenye kitambaa vidonge vya kijivu alivyouziwa sokoni bila karatasi, akasema muuzaji amemwambia atie 2 katika kila gunia na afunge mlango. Gunia lilikuwa katika chumba cha watoto.

Vidonge vya namna hiyo vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi inayoitwa fosfini. Gesi hiyo inaua fukusi, panya, na mtu aliyelala. Wakati mwingine inanuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, wakati mwingine huisikii. Hakuna dawa ya hospitali inayoirudisha nyuma. Ni ya maghala makubwa yasiyolala watu, kwa mikono ya waliofundishwa. Ndani ya nyumba, hata usiku mmoja, hata madirisha yakiwa wazi: hapana. Tulimsindikiza mama yule mpaka kwake, tukatoa watoto na magodoro nje, tukafungua kila kitu. Alikuwa bado hajavitia. Tulikaa chini pale nje tukashindwa hata kuongea.

Dawa za unga ziko nyingine, zinazoruhusiwa kwa nafaka ya kula, lakini zinafuata kipimo cha pakiti, na zile zinazopimwa kwa kijiko katika kipande cha gazeti hakuna anayejua ni nini. Na mbegu zilizopakwa rangi, nyekundu au kijani, za kupanda shambani, hazifai kwa pombe hata zikioshwa mara kumi.

Majivu ya bibi zetu yanasaidia, mradi ni mengi na makavu, na mtama uoshwe kabla ya kulowekwa. Jirani zetu wa Kigezi, upande wa Uganda, wanachanganya majivu na mtama mwekundu kabla ya kuuotesha ili kupunguza ukali wake. Hiyo ni kazi nyingine, lakini inaonyesha kwamba jivu na kimea vinajuana.

Hesabu punje 100

Kabla ya kufungua bidoni nzima, au kabla ya kununua, hesabu punje 100. Zifunge katika kitambaa safi kilicholowa, weka kwenye sahani, nyunyiza maji asubuhi na jioni. Siku ya 3 hesabu zilizoota. Zikiwa 90 na zaidi, furahi. Zikiwa chini ya 80, usipoteze kuni. Ikiwa ni safi, isage kwa ugali. Wanafunzi wetu wa shule ya msingi wanafanya zoezi hili darasani kwa asilimia, na watoto wanaoona haya kwa hesabu ndio wanaohesabu vizuri kuliko wote. Usishangae mtama uliovunwa juzi tu ukiota kwa uvivu, unahitaji wiki kadhaa za kupumzika. Nao uliopita mwaka mzima unaanza kuchoka.

Wakati wa kuotesha, maji ya kulowekea tunayabadilisha, na punje nyeusi zinazoelea tunaziondoa. Kimea kikipata ukungu wa kijani au mweusi, hata sehemu moja, tunatupa sehemu ile yote na jirani zake. Kikikauka tunakisugua ili mizizi na vichipukizi vitoke, na hivyo hatumpi mbuzi wala mtoto: mche mchanga wa mtama una sumu inayoweza kuua hata ng'ombe. Kimea kikavu kinavuta unyevu kama biskuti, basi nacho kinaingia katika bidoni ndogo, na tunasaga kile cha siku ile tu.

Lililobaki ni la daftari. Tulipopoteza magunia, ugomvi mkubwa haukuwa juu ya fukusi. Ulikuwa juu ya nani alichukua kiasi gani kabla hatujafungua, kwa sababu gunia halisemi. Sasa kila bidoni ina namba ya makaa juu yake, na daftari lina tarehe ya kufunga, jina la mama aliyefunga na yule aliyeshuhudia. Nta ikivunjika, inaonekana. Baba wa nyumba ile tulimweleza mbele ya mke wake kwamba bidoni ni za wamama 11, naye alikubali, na siku moja alimzuia shemeji yake aliyetaka kuazima moja kwa ajili ya msiba. Shemeji alikasirika. Tulimpelekea pombe iliyo tayari, kikapoa.

Mwezi wa 7 tulifunga bidoni 13, na kilo 5 zilizobaki tukazigawa kwa uji. Mwezi wa 10 tulihesabu punje 100 kutoka bidoni namba 4: ziliota 94. Leo zimebaki bidoni 9. Jumamosi ijayo, baada ya mkutano, tutafungua namba 5 mbele ya wote, na chupa ya chumvi itakuwapo kwa mama yeyote atakayeleta mtama wake wa kupima. Mlete kiganja kimoja tu, na chumvi yenu iwe imekaushwa.